Kwa Nini Tarime Hununua Miavuli Desemba

Shaka iliyonikosesha usingizi ilihusu kisanduku kimoja kwenye jedwali. Kila mwisho wa mwaka, kila tawi la kampuni yetu lilitakiwa kueleza bidhaa gani ilipanda mauzo, mwezi gani, na kwa sababu gani. Mwaka wangu wa pili Tarime niliandika kwamba miavuli ilipanda Desemba, na hilo halikuwa na ubishi. Kilichonifanya nilale macho wazi ni kisanduku cha sababu. Niandike jambo lenyewe, au niandike kitu cha heshima? Niliandika kitu cha heshima. Hasira nyingi mtakayoisoma humu inatoka hapo, na sehemu yake ya kwanza inanihusu mimi.

Nimeacha kazi mwezi uliopita, kwa barua yangu mwenyewe, katika umri ambao mama yangu anauita wa kuanza maisha. Pale godauni wananiita mstaafu. Siku ya kuaga walininunulia hata fimbo ya kutembelea. Ninyi wawili mliokuja kushika meza yangu mmeniomba niwaandikie miaka yangu minne. Vyeo na mishahara nitaviruka. Havikuwa vingi vya kunichelewesha. Majina ya watu wa humu nimeyabadili.

Nilifika na shahada ya biashara kutoka Dar es Salaam na karatasi kubwa iliyoitwa Kalenda ya Misimu, iliyotengenezwa makao makuu. Mimi si mgeni wa huku. Kwetu ni karibu na Sirari, sisi ni Wajaluo, tunalima na kufanya biashara, na nusu ya shangazi zangu wako upande wa Kenya. Lakini nilipokabidhiwa ile kalenda niliiamini kuliko macho yangu, kwa sababu ilikuwa imechapwa kwa rangi.

Mtu wa kwanza kuisoma alikuwa Mzee Marwa, dereva wa lori la tawi na muuzaji wetu mkongwe, Mkurya wa Nyanungu. Alikuwa amezunguka na bidhaa katika wilaya hizi mbili, Tarime na Serengeti, tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye msomi waliyesema anakuja?"

"Ndiyo mimi."

"Na hiyo karatasi?"

Nikampa. Aliishika mbali na uso kama anayesoma bango la barabarani. "Mwezi wa Ramadhani, tende, makasha mengi." Akanitazama. "Binti, watu wa kufunga na kufuturu tende zote hizi hapa Tarime tutawatoa wapi? Tukawaazime Mwanza?"

Nikamweleza kwamba kampuni imechunguza miji mikubwa yote. Akasema, "Vizuri. Sasa waambie waje wachunguze na hapa." Tende zikaja. Wateja wake waaminifu walikuwa nyuki.

Siidharau kalenda yote. Miji mikubwa kweli haifanani, na mkijua kwa nini mtakuwa mmejua nusu ya kazi hii. Dar es Salaam hununua kabla ya Idi nguo za watoto, viatu na vyombo vya kupokelea wageni, na miavuli hutoka masika, mji unapokuwa tope. Mwanza hufuata mwezi wa angani. Usiku ukiwa wa giza dagaa wanavuliwa, basi betri na sukari hutoka. Mbalamwezi ikirudi wauzaji wanapiga miayo. Arusha na Mbeya hununua mablanketi na sweta katikati ya mwaka, wakati Dar mtu akikupa sweta utadhani anakutania. Na Arusha Desemba huuza vitu vya kubeba, kwa kuwa watu wanapita na zawadi kwenda kula Krismasi kwa wazazi wao Moshi.

Sisi tulikuwa na uvumi. Miaka ile dhahabu ilikuwa imewachanganya watu wote wa Nyamongo na kando zake. Mtu mmoja akitoka porini na jiwe mfukoni, kesho yake mamia wako pale na sururu. Hiyo ndiyo waliyoiita rashi. Rashi moja ilitokea upande wa Nyambureti, mwezi wa nane. Ndani ya siku tatu tulimaliza mabuti ya mvua, maturubai, tochi na kamba, nikawa naagiza Mwanza mpaka sauti inakauka. Baada ya majuma mawili jiwe lilikwisha, watu wakahama kama nzige, na wenye maduka wakabaki wamekalia magodoro. Niliripoti kwa uaminifu: mabuti yamepanda Agosti. Mwaka uliofuata, Agosti, bila kuuliza, makao makuu wakatuletea lori zima la mabuti. Hapakuwa na tone la mvua, wala jiwe.

Robanda ilikuwa hivyohivyo. Pale kijijini, mpakani mwa hifadhi, tochi na filimbi hutoka mahindi yanapokomaa, kwa sababu tembo nao wanajua kalenda. Mtu wa Dar aliandika kwenye ripoti ya taifa kwamba tochi za Serengeti zinapanda kwa sababu ya kukatika kwa umeme. Robanda walikuwa hawajaletewa umeme wa kukatwa.

Nayaeleza haya ili mwone mashine ilivyofanya kazi. Lolote nililoliandika kwenye kile kisanduku lilirudi mwaka mwingine likiwa limepakiwa kwenye lori.

Kila nilichokijua juu ya misimu ya hapa nilifundishwa na Mzee Marwa, na chombo chake kilikuwa mlango. Tukifika senta yoyote alisimamisha lori mbali kidogo na maduka, akazima injini.

"Usiingie kwanza. Mlangoni kumening'inizwa nini?"

"Ndoo. Na madaftari."

"Ndoo ni za kila siku, hizo ziache. Madaftari?"

"Shule zinafunguliwa."

"Ehe. Kilichotundikwa mlangoni ndicho msimu. Kilicho ndani ni majuto ya mwenye duka."

Nilikuwa na jedwali, nilikuwa na kikokotoo, lakini sijapata kuona chombo kinachoshinda mlango ule. Utumieni.

Mwishoni mwa mwaka wangu wa pili, milango yote kuanzia Tarime mjini hadi Nyamongo ilining'iniza miavuli. Iliyochanua, ya rangi, yenye maua, na chini yake khanga mpya na shuka. Sikuhitaji kuuliza. Ulikuwa mwaka wa saro, msimu wa tohara wa Wakurya, ambao haufanyiki kila mwaka. Wazee wa mila wa kila ukoo ndio wanaoutangaza. Wavulana wanatahiriwa. Wasichana nao wanakeketwa. Baada ya kisu, msichana hufungwa khanga mpya, hufunikwa mwavuli, akasindikizwa nyumbani polepole kwa nyimbo na majani, ndugu wakimbandika noti kichwani. Sisi Wajaluo hatuna mila hiyo. Tangu utoto nilizisikia nyimbo zile kutoka shamba la pili, na mama yangu alikuwa akiniingiza ndani.

Sheria inakataza, na kila mtu anajua inakataza. Gari la matangazo lilikuwa likipita likisema hivyo, na watoto wakilikimbilia kwa furaha. Dhahabu ilikuwa imeufanya msimu kuwa mkubwa kuliko zamani. Mwanamume aliyebahatika shimoni alitaka msafara wa binti yake uonekane mpaka ng'ambo ya mto.

Sasa rudini kwenye kisanduku. Nilikaa na kalamu siku nne. Nikiandika "ukeketaji", watu wa makao makuu watawacheka Wakurya, na mimi ni Mjaluo. Itasemwa nimewachongea majirani. Mzee Marwa ndiye aliyenifundisha kazi, je, akiiona? Na je, polisi wakiiona, wenye maduka wataniita nani? Na je, kama hakuna atakayeisoma, nami ninajitesa bure? Nilikuwa na "je" za kutosha kuezekea nyumba. Siku ya nne niliandika: sherehe za familia. Nilijisikia mstaarabu.

Mwaka wa tatu haukuwa wa saro. Miavuli haikutoka, na makao makuu wakaniandikia barua ya kuuliza kwa nini familia za Tarime zimeacha kusherehekea. Niliificha chini ya meza nikidhani yamekwisha.

Mwaka wa nne saro ilirudi, na mwanzoni mwa Desemba lori lilikuja kutoka Mwanza. Makatoni ya miavuli yalifika darini. Yote ya pinki, yenye maua meupe na jina la kampuni ukingoni. Pamoja nayo kulikuwa na mabango ya kubandika madukani, yenye picha ya msichana wa mjini akitabasamu chini ya mwavuli, na maneno makubwa: MPENDEZESHE BINTI YAKO MSIMU HUU.

Nimejaribu kuwa mpole na bango lile nimeshindwa. Nilikaa juu ya katoni, nikampigia meneja wa mauzo kule Dar. Nitamwita Bwana Festo.

"Bwana Festo, ile sherehe ya familia ni ukeketaji. Hii miavuli wanafunikwa wasichana waliotoka kukatwa."

Nilisikia feni ya ofisini kwake.

"Lakini uliandika sherehe za familia."

"Niliandika hivyo. Nilikosea. Ndiyo maana nakupigia."

"Basi sisi tumejibu ulichoandika. Dada, tuelewane. Sisi tunauza miavuli. Hatumshiki mtu miguu."

"Bango linasema mpendezeshe binti yako."

"Ni bango zuri, limebuniwa na wataalamu. Bia zetu zinauzwa harusini. Ndoa ikivunjika tunashitakiwa? Mzigo utoke kabla ya tarehe ishirini."

Akakata. Huyu alikuwa mtu mwema, wa kanisani, mwenye mabinti wawili. Nimelifikiria jibu lake mpaka leo na kila nikilifikiria linanuka zaidi. Hakushika miguu. Mimi pia sikushika. Mwenye duka hakushika, dereva hakushika, mchapaji wa bango hakushika. Sote tulikuwa na mikono misafi, na msichana alikuwa amelala chini.

Hata hivyo sikuwa shujaa siku ile. Nilimwambia Mzee Marwa kwamba mzigo haujakaguliwa, usitoke kwanza, nikabandika karatasi ya kuzuia mlangoni. Nilijificha nyuma ya utaratibu. Haikusaidia sana, kwa kuwa Mwanza walikuwa wamepeleka sehemu nyingine moja kwa moja kwa wauza jumla wa Nyamongo.

Siku chache baadaye tulikuwa njiani, mimi na mzee, tunapeleka sukari. Katikati ya njia akasema kama anayeomba kiberiti:

"Binti, ile ya maua, ukimaliza kukagua niwekee mmoja. Bhoke wangu ni mwaka huu."

Bhoke alikuwa kitinda mimba wake. Alikuwa akija godauni siku za likizo kumletea baba yake uji kwenye chupa, na alikuwa akisoma kwa sauti maandishi ya makatoni.

"Baba, Bhoke si amemaliza la saba juzi tu?"

"Ndiyo maana. Akisubiri saro nyingine atakuwa mkubwa. Watamcheka."

"Na sheria?"

"Sheria iko barabarani. Nyumbani yuko mama yangu." Akabadilisha gia. "Nikimwacha hivyo, mama yangu hatapokea maji mkononi mwake. Ataolewa na nani? Ninyi kwenu hamna haya mambo, ni rahisi kuongea."

Nilikuwa na hoja saba. Nilizipanga, nikaanza na ya tatu, nikaona ya tano ina nguvu zaidi, nikahofia ya pili itamvunjia heshima. Nilikuwa bado nazipanga tulipofika.

Asubuhi ya Ijumaa, wiki iliyofuata, Mzee Marwa alikuja na Bhoke. Lori lilikuwa na springi iliyokatika na alikuwa anakwenda gereji.

"Mwonyeshe achague kabla ya wengine," aliniambia. "Nikirudi saa sita nimchukue." Kisha kwa binti yake, kwa upole ambao sitausahau: "Chagua unaoupenda wewe, siyo anaoupenda bibi."

Akaondoka. Nikamwingiza Bhoke ndani, nikafungua katoni moja kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Yote ilikuwa ileile. Hapakuwa na cha kuchagua. Aliutazama mwavuli, hakuugusa.

"Dada Akinyi, huku nyuma kuna mlango?"

"Upo."

"Unatokea wapi?"

"Njia ya stendi."

"Unafunguka?"

Ndivyo alivyouliza, kama mtu anayeulizia bei. Nikamuuliza anataka kwenda wapi. Akasema wasichana wa darasa lao walisimuliwa na mwalimu kwamba kuna nyumba wilaya ya Serengeti inayopokea wanaokimbia msimu. Nauli hana. Jumapili kwa ukoo wao ndiyo siku.

Mnanijua. Ndani ya dakika ile nilifikiri yote. Ni mtoto wa mtu. Ni mtoto wa mtu aliyenifundisha kazi. Mimi ni Mjaluo ninayemwiba binti wa Mkurya, na huku watu wameshachomeana nyumba kwa ng'ombe tu. Je, akijuta? Je, nyumba ikijaa? Je, Bwana Festo akipiga simu na hakuna wa kupokea? Bhoke alikuwa amesimama tu, akiningoja nimalize, kama baba yake anavyongoja injini ipoe.

Nikaufungua.

Tulipitia kwanza kituo cha polisi, kwa askari wa kike wa dawati la watoto, ambaye aliandika karatasi haraka kuliko nilivyotarajia. Alisema ni ya nne asubuhi ile. Kisha tukapanda basi la Mugumu, ambalo njia yake inapita palepale tulipopaogopa. Kabla ya Nyamongo lilisimama. Msafara ulikuwa umeziba barabara, ukoo mwingine, ambao siku yao ilikuwa imefika. Wanaume wenye majani, wanawake wakiimba, na katikati msichana akitembea hatua fupifupi, macho yakiwa chini, juu ya kichwa chake mwavuli wa pinki. Nililisoma jina la kampuni yangu herufi kwa herufi, kwa sababu ulikuwa ukienda polepole sana. Bhoke aliweka kichwa magotini mpaka nyimbo zikabaki nyuma. Mimi sikuinama. Niliona ni haki yangu kuangalia.

Walimpokea. Yupo kule mpaka leo, anasoma, na barua zake zina maswali mengi kuliko salamu.

Mlinzi wa godauni alinipigia jioni ileile nikiwa bado Mugumu. Alisema mzee alirudi saa sita, akakuta mlango wa nyuma uko wazi, akakaa juu ya magunia na hajainuka mpaka sasa, na kwamba hilo ndilo la kutisha. "Usirudi, dada. Panda gari uende Mwanza, vitu vyako tutakutumia." Mama yangu alisema hivyohivyo, kwa Kijaluo na kwa machozi. Kulikuwa pia na njia ya tatu, na ndiyo niliyolala nayo: kusema kwamba nilikuwa nahesabu mzigo, mtoto akatoka, sikumwona. Ilikuwa na adabu. Hakuna ambaye angeweza kuipinga, na Mzee Marwa mwenyewe labda angeipokea kwa shukrani.

Jumamosi mchana nilishuka Tarime nikaenda godauni kwa miguu. Alikuwa amekaa juu ya magunia ya sukari, kofia mkononi. Mlinzi aliponiona akasogea karibu na lango.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Alinitazama viatu, vumbi la njia ile analolijua.

"Yuko wapi?"

"Mugumu, kwenye nyumba ya wasichana wanaokataa kukeketwa. Polisi wanajua. Aliomba kutoka, mimi nikamfungulia, nikampeleka mimi mwenyewe. Hakuna mwingine aliyehusika."

"Nilikuachia mtoto."

"Uliniachia."

"Nimekufundisha kazi kama binti yangu."

"Ndiyo, baba."

Alivaa kofia, akaivua tena. "Na umerudi kufanya nini? Si wangekuficha kwenu?"

"Nimerudi kukwambia mwenyewe. Una ya kusema, nami nitakaa mpaka uyamalize."

Nikavuta kreti, nikakaa mbele yake. Akaanza kusema. Alisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kikurya, kisha kwa Kiswahili tena, mpaka jua likashuka nyuma ya paa la gereji. Sikumkatiza, na sikuondoka.